Msuli wa aina nyingine

Najua nimekuwa kimya, na wapo wawili watatu walionisimamisha pale kantini kuniuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Bumu likiingia nacheka, likichelewa nanuna, kama ninyi tu. Ila tangu Novemba 2024 kuna kitu nafanya ambacho rumeti wangu ameshakitangaza bloku nzima, kwa hiyo bora nikiandike mwenyewe kabla hakijafika kwenu kikiwa na chumvi.

Nakwenda jimu.

Sasa hapa chuoni ukisema unapiga msuli, mtu anaelewa uko maktaba mpaka saa nane usiku, au chumbani miguu imo kwenye beseni la maji baridi ili usisinzie. Msuli ndiyo huo. Huu mwingine wa vyuma tumewaachia akina kaka wa miraba minne wanaotembea mikono imetanuka kama wamebeba ndoo mbili. Mimi nasoma ualimu wa Fizikia na Hesabu, mwaka wa pili, nina kilo 54, na kitu kizito nilichokuwa nabeba ni kindoo cha maji kutoka bombani siku mota ikizima. Kwa hiyo nawaelewa mnaocheka. Chekeni, halafu tuendelee.

Jimu yetu wengi hamjawahi kuiingia ingawa mnaipita kila siku. Ni chumba kirefu nyuma ya viwanja vya mpira wa kikapu, mabati juu, madirisha ya nondo, feni tatu ambazo moja inazunguka. Upande wa kulia kuna vyuma vya kawaida, vile vya mtaani. Ndiyo, hata zile za kienyeji zipo, makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa na bomba. Upande wa kushoto ziko mashine saba. Mashine hizo zililetwa zikiwa zimeshatumika huko zilikotoka, na unaliona hilo kwa sababu mbili zimeandikwa uzito kwa ratili, tatu kwa kilo, na mbili zina namba tu, 1 mpaka 15, bila kusema ni 15 za nini. Hizo mbili nitazirudia.

Siku ya kwanza nilikwenda saa kumi jioni. Kulikuwa na wanaume kama ishirini na mimi. Hakuna aliyenikosea adabu, nisiseme uongo, ila ile hali ya chumba kunyamaza kidogo ukiingia wasichana wengi mnaijua. Nilivaa suruali ya traki, tisheti ndefu ya kaka yangu na ushungi wangu, nikasimama mlangoni nikisoma tangazo la marufuku kuingia na kandambili. Nililisoma mara nne. Halafu nikatoka. Kesho yake nikaja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na huo ndio umekuwa muda wangu mpaka leo. Asubuhi hiyo kulikuwa na watu wawili tu, mmoja amelala kwenye benchi, na mwingine ni mzee anayetunza jimu, akipaka grisi.

Kwa nini niliingia huko, wakati nina asaimenti za kunitosha? Hii sehemu sikutaka kuiandika, ila bila yake mtadhani nafuata fasheni.

Bibi yangu, mzaa mama, yuko Muheza. Mwaka 2023 alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, mkono na mguu. Anaongea vizuri, akili yake nzima, utani wake mzima. Mimi ananiita mke mwenzangu, kama bibi wote wanavyotania wajukuu wa kike, na kila nikifika anauliza mume wetu nimemwacha na nani. Anayemuuguza ni mama mdogo. Julai 2024 nilipokuwa likizo, mama mdogo akapata msiba Lushoto, akaondoka siku tatu. Nyumbani tukabaki bibi, mimi, na mdogo wangu wa miaka kumi na mmoja.

Siku ya pili mchana bibi alitaka kutoka kwenye kiti arudi kitandani. Nikamshika. Alinyanyuka kidogo, mguu ule mbovu ukakunja, akarudi chini, nusu kwenye kiti nusu hewani. Nikajaribu tena. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Mara ya tatu tukateleza wote mpaka kwenye mkeka, taratibu, hakuumia. Lakini kumtoa chini sikuweza. Mdogo wangu akavuta, mimi nikasukuma, bibi akawa anasema "niacheni nipumzike kwanza", na mimi najua hapumziki, anatuonea huruma. Mwishowe mtoto akakimbia kumwita kijana wa bodaboda pale njia panda. Akaja, kijana mwema, akavua ndala mlangoni, "Shikamoo bibi", akamnyanyua kama mtu anavyonyanyua mtoto, akamlaza, akaondoka hata maji hakunywa. Bibi akajifunika khanga usoni. Hakunena neno mpaka Isha. Kijana yule bibi alimjua tangu akiwa mchanga, na siku hiyo khanga ya bibi haikuwa imekaa vizuri. Nadhani mnanielewa.

Basi. Niliporudi chuo sikuwa na mpango wowote uliopangwa. Nilikuwa nataka tu mikono isitetemeke.

Yule mzee wa jimu wote wanamwita Kocha. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua kichwa kwenye grisi yake, akauliza, "Unataka kupungua au kuongezeka?" Nikamwambia sitaka lolote kati ya hayo, nataka kuweza kumnyanyua bibi yangu. Akaacha grisi. Akauliza bibi ana kilo ngapi. Nikasema kadi yake ya kliniki ya presha inasema 57. Akanitazama kuanzia viatu, akasema, "Sawa. Utaanza bila chuma hata kimoja."

Hakutania. Wiki nzima ya kwanza nilikuwa nakaa kwenye mashine na kurekebisha viti. Niwaeleze hili kwa sababu ndilo ambalo watu wengi hawaelezwi. Mtu anaingia, anakuta kiti alichokiacha jitu la futi sita, anakaa hivyo hivyo, anachomeka pini, anavuta. Kocha ana namna yake ya kulisema. Mashine, anasema, ina goti lake. Ukiangalia ile ya kunyoosha miguu ukiwa umekaa, pembeni kuna boliti kubwa ambapo mkono wa mashine unapindia. Hilo ndilo goti la mashine. Goti lako inabidi likae sambamba kabisa na hilo, basi vyote viwili vitapinda kwa mduara mmoja. Kiti kikiwa mbele au nyuma sana, mashine inapinda kwake na wewe unapinda kwako, na anayelipia tofauti ni gegedu yako. Kwa mwanafizikia hili ni jambo la mhimili tu, lakini sikuwahi kufikiria kwamba mhimili unaweza kuwa wangu.

Kila mashine ameipa jina la kazi, hayo majina ya kizungu yaliyobandikwa hayatumii. Ile ya kukaa na kusukuma mbele ya kifua ni "ya kusukuma mlango". Ile ya kukaa na kuvuta kuelekea tumboni ni "ya kuvuta nyavu". Ile kubwa unayolala nyuma na kusukuma bamba kwa miguu ni "ya kusukuma gari bovu". Kuna ya kuvuta kutoka juu, hiyo ni "ya kuteka kisimani". Mimi nilipangiwa nne, gari bovu, nyavu, mlango, kisima, kwa mfuatano huo, Jumatatu na Alhamisi.

Namna zinavyofanya kazi ni rahisi. Kuna rundo la mabamba ya chuma yamepangwa kama chapati, katikati yanapita fimbo yenye matundu. Ukichomeka pini kwenye bamba la tatu, ukivuta yanapanda matatu ya juu, mengine yanabaki. Waya unatoka juu ya rundo, unapita kwenye makapi, unakuja mpaka kwenye mshikio wako. Basi. Kabla ya kukaa, vuta pini uone imeingia mpaka mwisho, na pitisha macho kwenye waya wote kama kuna nyuzi zilizochomoza. Zipo jimu ambako pini ikipotea wanachomeka msumari wa nchi sita. Msumari unapinda, unachomoka, na chuma kinashuka wakati mikono ya mtu iko anapotaka Mungu. Kocha pini zake amezifunga kamba, moja moja, kama funguo za choo cha stendi.

Halafu kuna kushusha. Wengi tunadhani kazi ni kupandisha. Kocha anakaa pembeni na sikio lake, yale mabamba yakigongana "ngaa!" anasema, "Kengele ya shule hiyo, nani kamaliza kipindi?" Anataka upandishe kwa hesabu ya mbili na ushushe kwa hesabu ya tatu, mabamba yakaribiane bila kugusana, upandishe tena. Jaribuni. Uzito ule ule uliouona mchezo unakuwa kitu kingine. Na pumzi inatoka wakati wa kusukuma, inaingia wakati wa kurudisha. Ukiibana pumzi huku unasukuma kitu kizito, presha ya damu inapanda ghafla sana. Kijana mzima kwa kawaida haimdhuru, kwa mwenye presha ni hatari. Hili nililishika kwa sababu ya historia ya nyumbani kwetu.

Gari bovu lina sheria mbili za nyongeza. Magoti yasinyooke mpaka yakajifunga, na kiuno kisibanduke kwenye mto unapoyarudisha magoti kifuani. Kiuno kikianza kujikunja, hapo ndipo mwisho wako, hata kama mashine inaruhusu kwenda mbele zaidi. Alikuja kaka mmoja asubuhi fulani, fresha kwa jinsi alivyonyoa, akaweka karibu vyote, akashuka mpaka magoti yakafika masikioni. Kocha hakusema kitu, akaenda kuchomoa pini na kuipeleka bamba la nne, akampigapiga begani. Yule kaka siku hizi ni rafiki yangu, tunapishana kwa zamu, mimi nikisukuma yeye anapumzika, na namhesabia.

Siku mbili baada ya Jumatatu ya kwanza yenye chuma, jamani. Nakaa ghorofa ya nne. Kupanda nilipanda. Kushuka nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, nimeshika ukingo, na wasichana wa ghorofa ya pili walisimama kunipisha kama napita na jeneza. Rumeti akasema ni tindikali imejaa kwenye misuli, ninywe maji ya ndimu. Tindikali hiyo wanayoisema huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi, sasa ya Jumatatu inaniumaje Jumatano? Maumivu haya ya kuchelewa yanatokana na nyuzi za misuli kuchanika kidogo kidogo sana, hasa wakati wa kushusha ule uzito polepole, halafu mwili unatengeneza. Yanaanza baada ya siku moja, yanafika kilele siku ya pili au ya tatu, yanaisha. Na ukirudia zoezi lile lile wiki inayofuata yanakuwa nusu. Wiki ya tatu nilishuka ngazi kama binadamu.

Sasa zile mashine zenye namba bila jina. Mimi kitu kikiwa na namba na hakina kipimo silali. Tena kulikuwa na ubishi wa kudumu pale, maana kaka mmoja alikuwa anavuta "kumi" kwenye kisima na kujisifu, mwingine kwenye mashine ya jirani anavuta "sita" na mishipa ya shingo imemtoka. Nani mwenye nguvu? Nikaazima futi ya fundi cherehani pale getini, nikamwomba Kocha ruhusa. Hii ni Fizikia ya form two. Kapi lililofungwa mahali pamoja halikupunguzii kitu, linageuza tu upande wa kuvuta. Lakini kapi linalosafiri pamoja na mzigo linagawa kwa mbili, na malipo yake ni kwamba unavuta kamba mara mbili ya urefu. Kwa hiyo huna haja hata ya kufungua mashine. Pima mkono wako umevuta sentimita ngapi, pima rundo limepanda sentimita ngapi. Kwenye mashine ya yule wa "kumi", mshikio ulishuka sentimita 60, rundo likapanda 30. Alikuwa anabeba nusu. Kwenye ya jirani, 60 kwa 60. Ile sita ilikuwa sita kweli.

Alikasirika kidogo. Akasema futi ya cherehani si ya kisayansi.

Vivyo hivyo zile za ratili. Bamba lililoandikwa 100 kwa ratili ni kilo 45 na kitu. Na kwenye vyuma vya kulia kuna lile gari bovu jingine linaloteleza kwenye reli za mteremko wa nyuzi 45. Ukiweka kilo 100 pale unasukuma kama 71 tu, ukiacha msuguano, maana sehemu nyingine ya uzito inabebwa na reli. Sisemi haya kumshusha mtu. Nasema usilinganishe namba yako ya mashine moja na ya mtu kwenye mashine nyingine. Linganisha na yako ya wiki iliyopita. Mimi nina daftari. Gari bovu nilianza na kilo 40, mara 10, raundi tatu. Nyavu kilo 15. Mlango, aibu ndogo, bamba moja.

Utaratibu wa kuongeza ni huu. Unachagua uzito ambao utafikisha mara 10 na zile mbili za mwisho ziwe ngumu lakini mgongo na kiti havijahama. Ukifikisha 12 kwenye raundi zote, siku mbili mfululizo, ongeza bamba moja. Tatizo kwenye mabamba ya juu ni kwamba kutoka ratili 20 kwenda 30 ni nusu nzima ya ulichokuwa unabeba, ni kama mtu akuhamishe kutoka Hesabu ya form one kwenda ya form four. Hapo unakaa kwanza, unafika mara 15, ndipo unapanda na kurudi kwenye 8.

Hizi raundi tatu za kumi kumi nilidhani zimetoka kwa mabaunsa. Kumbe zimetoka hospitali. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika mwaka 1945 kuhusu kuwarudishia nguvu askari walioumia magoti kwa kuwapa vyuma vizito, wakati wengine waliamini mgonjwa alale tu. Alianza na raundi nyingi, saba mpaka kumi. Mwaka 1948 yeye na mwenzake Watkins wakazipunguza ziwe tatu za mara 10, ya kwanza nusu ya uzito wako, ya pili robo tatu, ya tatu uzito kamili. Kocha hajui jina la DeLorme, ila ndivyo anavyofundisha, nusu, robo tatu, kamili. Na lile gurudumu lisilo duara kamili, lenye umbo la kombe la baharini, mnaloliona kwenye baadhi ya mashine, ni la Arthur Jones, Mmarekani mwingine aliyeanza kuuza mashine zake za Nautilus mwaka 1970. Gurudumu hilo linabadilisha umbali wa waya kutoka kwenye mhimili, ili uzito uongezeke pale mkono wako ulipo na nguvu na upungue pale ulipo dhaifu. Bwana huyo aliwahi kuishi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, akipiga filamu za wanyama pori. Basi tu, nimeona niwatajie.

Kuhusu lile swali la akina dada, la mabega. Naulizwa kila siku, mpaka na mhudumu wa kantini. Hapana, sijaota mabega. Homoni inayojaza misuli haraka wanaume wanayo nyingi mara dufu kwa dufu kuliko sisi, na hata wao hao kaka zetu wanasota miaka. Tena wiki za mwanzo nguvu inapanda na misuli haijakua hata kidogo. Ni ubongo unajifunza kuiamsha misuli mingi zaidi kwa wakati mmoja, kama prifekti mpya anavyojifunza majina ya darasa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka watu wazima wote, wake kwa waume, wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Kwa hiyo akina dada, saa kumi na mbili na nusu pako wazi, sisi sasa ni watatu.

Machi 2025 baada ya UE nilikwenda Muheza. Gari bovu nilikuwa nimefika kilo 90, nyavu 35. Mama mdogo akanionyesha yale aliyofundishwa hospitali na mtaalamu wa viungo. Usimvute kwa mkono mbovu, bega lake halina misuli ya kulishikilia na linaweza kutoka. Kiti kiwekwe upande ule mzima. Goti lako lizuie goti lake bovu lisikunje. Mshike kiunoni, karibu na mwili wako, mhesabu pamoja, ainame mbele, moja, mbili, tatu. Anasimama mwenyewe nusu, wewe unaongeza nusu.

Tukafanya. Alisimama. Alisimama kabisa, kichwa chake hapa kwenye bega langu, nikasikia harufu ya mafuta ya nazi, tukageuka kama watu wanaocheza taratibu, akakaa. Sikutetemeka. Akasema, "Mke mwenzangu, huko chuoni unasoma au unapakua mizigo bandarini?" Mama mdogo akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni nilichukua kadi ya kliniki kuangalia tarehe ya kurudi. Julai 57. Oktoba 54. Februari 49.

Nilikaa nayo muda. Mnajua mimi na namba. Nilitaka kujua, katika ule wepesi, wangu ni kiasi gani na wake ni kiasi gani, na hakuna futi ya cherehani ya kupimia kitu hicho. Mama mdogo anasema hali vizuri, anasema chakula hakina ladha. Tumempeleka hospitali, wamebadilisha dawa moja na kutupa tarehe nyingine. Nilimnyanyua kila siku kwa wiki tatu, asubuhi, mchana, jioni, na kila mara alikuwa mwepesi, na nilikuwa namwambia bibi kula kidogo, ananiambia mbona wewe unapenda kubeba vitu vizito.

Niliporudi nikamweleza Kocha. Alisikiliza mpaka mwisho, akachomoa pini kwenye gari bovu, akaitundika. Akasema mashine imeshanipa ilichonacho kwa sasa, maana mashine ina reli, inajua inakokwenda, na mtu mgonjwa hana reli. Akaniletea mfuko wa sandarusi umejazwa mchanga na kushonwa, kilo 25. Hauna mshikio. Ukiushika huku mchanga unakimbilia kule. Nautoa sakafuni, naukumbatia, nageuka, nauweka kwenye benchi, nautoa tena. Raundi tatu za sita. Mashine bado nazifanya siku ya Alhamisi, Jumatatu ni mchanga.

Bibi nampigia kila Jumapili. Jumapili iliyopita alikula ugali na samaki, mama mdogo amethibitisha.

Haya, nina test ya mekanika Jumatano na sijagusa kitu. Anayetaka kuja jimu aje na viatu vya kufunga na taulo lake, Kocha hana mchezo na jasho kwenye viti vyake. Na yule uliyeondoka na pini ya mashine ya kisima, kamba yake bado inaning'inia pale, irudishe.